Maisha yangu hayana hadithi (eti!)

Majaribio yamekaribia, bumu limekata siku nyingi na wali maharage ndio rafiki wa kweli. Lakini leo sitaki kulia njaa, leo nina jambo.

Tangu tuliposomeana hadithi zetu pale vimbwetani, nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Hivi nyie mnatoa wapi hayo mambo?" Mmoja, ni wa uhandisi, akaongezea: "Mi maisha yangu hayana hadithi. Nimezaliwa, nimesoma, nimekuja chuo. Basi." Nilicheka, ila baadaye nikakaa nikafikiria. Watu wengi tunaamini hivyo hivyo. Tunadhani mpaka uwe umenusurika kuliwa na simba, au umeishi Ulaya, ndipo uwe na cha kuandika.

Nilikutana na imani hiyo hiyo darasani, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipewa Kidato cha Pili, watoto sitini na kitu, somo la Kiswahili. Nikawapa insha: "Safari ya kusisimua." Jamani! Nilisahihisha mpaka macho yakauma. Karibu nusu ya darasa walikwenda Mikumi, wakaona simba, gari likaharibika, mwisho wakarudi salama "tukiwa na furaha isiyo kifani." Hakuna hata mmoja niliyesikia ndani yake harufu ya basi. Walikuwa wanaandika safari ya mtu mwingine waliyoisoma mahali.

Wiki iliyofuata nikabadilisha. Nikaandika ubaoni: "Eleza kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho kimeharibika lakini hakitupwi." Walinitazama kama mwalimu kachanganyikiwa. Lakini wakaandika. Mmoja akaandika juu ya redio ya babu yake isiyoshika stesheni hata moja, ila kila jioni babu anaipangusa vumbi. Mwingine, baiskeli isiyo na magurudumu. Na binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, akaandika nusu ukurasa tu kuhusu ndala za baba yake zilizo nyuma ya mlango. Moja imekatika kigwe. Baba alikwenda Mererani kutafuta maisha, na mama yake akifagia huzisogeza, akimaliza huzirudisha palepale. Basi, ndiyo insha yote. Hakuna simba hata mmoja, na mi nilishindwa kuendelea kusahihisha kwa muda.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mihadharani tunakiandika tu kwenye madaftari. Wakubwa wetu walianzia jirani sana. Shaaban Robert, wa kwetu Tanga, aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, kazi ya makaratasi na mizigo. Lakini Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake mwenyewe, kama mzazi anayemkalisha mwanawe na kumpa wosia. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Ilipotoka Rosa Mistika mwaka 1971, nyumba ya akina Rosa ilikuwa palepale Namagondo. Na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuandika akiwa kijana ugenini Uingereza, akiikumbuka Zanzibar aliyoiacha. Miaka yote hiyo kule, na bado riwaya zake nyingi zinarudi pwani ya huku.

Sasa nisije nikawahubiria bure, ngoja niwape mfano wa kwangu.

Nimekulia Muheza. Mama ana genge: nyanya, vitunguu, dagaa, sabuni ya kipande, sukari ya kupima. Na kama kila genge la uswahilini, lina daftari la madeni. Pale juu kulikuwa na kibao "Kukopa harusi, kulipa matanga," lakini hakuna aliyekiogopa, hata mama mwenyewe. Nilipofika darasa la tatu nikawa karani wake, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Nadhani hicho ndicho kitabu cha kwanza nilichokisoma kutoka jalada hadi jalada. Ukikisoma vizuri unajua nani amepata mgeni (unga kilo mbili badala ya nusu), nani kagombana na mumewe (anatuma mtoto badala ya kuja mwenyewe), nani kalipwa mkonge na nani bado.

Kulikuwa na mzee mmoja anaishi peke yake. Kila jioni anakuja: sigara mbili, siku nyingine kibiriti, siku nyingine sukari robo. Analipa kidogo, anakopa kidogo. Masika moja akaugua, akafariki. Nakumbuka deni lake kwa sababu mstari wa mwisho niliuandika mimi: jumla 4,350. Na wiki ile ile mama alikuwa anahangaikia viatu vyangu vya shule, maana vya zamani vilikuwa vinakunywa maji.

Baada ya matanga, mtoto wake wa kiume akaanza kupita kwa majirani, kama ilivyo desturi, kuuliza nani anamdai marehemu ili amlipie baba yake alale salama. Akafika gengeni. Mi nimekaa juu ya ndoo, daftari liko mapajani. Akauliza kwa heshima, "Mama, mzee hakuacha deni hapa?"

Mama hata hakunigeukia. Akasema, "Mzee alishalipa, mwanangu. Hana deni na mimi."

Yule kaka akashukuru, akaondoka. Mama akachukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya zile hesabu zote, pembeni akaandika kwa mwandiko wake wa kukwaruza: AMELIPA. Nikamuuliza, "Mama, kalipa lini?" Akaniambia, "Kalipa. Haya, nenda kachote maji."

Huyu ni mama ambaye alinichapa kwa kudanganya kwamba nimeosha sufuria!

Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka kumi. Kwa nini alisema vile? Alimwonea huruma yule kijana? Au mzee aliwahi kumsaidia zamani, kabla sijazaliwa, na deni lenyewe lilikuwa la mama? Au aliona tu haya kumdai maiti? Nimejaribu kuliandika mara nyingi na kila mara jibu linatoka tofauti. Na hapa ndipo nataka tusikilizane. Sidhani kama kumbukumbu inakuwa hadithi kwa sababu ni kubwa au ni ya kusikitisha. Inakuwa hadithi pale inapokuwa na swali ambalo hujalijibu mpaka leo. Siku niliyofaulu kuja chuo ni kubwa sana kwangu, lakini nikiiandika inakwisha kwa mistari minne. Hainiulizi kitu. Ile 4,350 bado inaniuliza.

Ila kuna jambo jingine, nalo ni zito kidogo. Hiyo kumbukumbu si yangu peke yangu. Ni ya mama, na ni ya ile familia. Mwezi uliopita, kabla sijaisoma hadithi mbele za watu, nikampigia simu. Nikamweleza nataka kuiandika. Akanyamaza, nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Mambo ya watu hayo, mwanangu. Mi nilishafunga hilo daftari, we unataka kulifungua?"

Nikamwambia nitabadilisha. Akafikiri tena. "Haya, andika. Lakini asijulikane mtu. Maana wale watoto wake wakijua watakuja kulipa, na mimi sina pa kuiandika hiyo hela."

Jamani huyo ndiye mama yangu. Shahada yangu yote haina sentensi kama hiyo.

Kwa hiyo nimebadilisha, hata hapa. Huenda hakuwa mzee. Huenda hazikuwa sigara. Kiasi sicho, na msijaribu kukokotoa. Kwenye hadithi yenyewe nimeihamisha kabisa, genge nimelipeleka ufukweni na mama amekuwa muuza samaki. Na cha ajabu, nilipobadilisha ndipo nilipoanza kuiona vizuri. Nilipong'ang'ania ilivyokuwa, nilikuwa naandika taarifa ya polisi. Kumbukumbu ni unga, si ugali. Lazima uipike, utie maji ya kwako, usonge. Ila usitie mchanga: kile kitendo cha kupiga mstari na kuandika AMELIPA sikukigusa, maana ndicho chenye ukweli wote.

Mlioniuliza, basi, haya ndiyo ninayoyafanya, hakuna uchawi:

Kwanza, nina kidaftari kidogo cha kutia mfukoni. Naandika maneno ya watu kama yalivyosemwa, siyapigi pasi. Juzi kwenye daladala la Makumbusho tumebanana mpaka mtu hajui mguu upi ni wake, konda anasema, "Sogeeni nyuma jamani, nyumba ya Mungu haijai!" Ukingoja ufike chumbani ndipo uandike, utakumbuka maana tu, na maneno yenyewe yatakuwa yamepotea.

Pili, naanza na kitu, sianzi na funzo. Ukianza na "nataka kuandika kuhusu umaskini" utaandika hotuba. Ukianza na kiatu kinachokunywa maji, umaskini utakuja wenyewe na hutahitaji kuutaja.

Tatu, najiuliza hapa nani anajua na nani hajui. Gengeni mama alijua, mtoto wa marehemu hakujua, mi nilijua nusu. Pasipo na siri hiyo ndogo, mara nyingi sioni pa kuanzia.

Nne, kama kuna mtu aliye hai ndani yake, namuuliza, au nambadilisha mpaka mama yake mzazi asimtambue. Hadithi nzuri hainipi ruhusa ya kumwaibisha mtu aliyenikopesha sukari.

Mnajua kinachonitia hofu? Wengi wetu humu tutakuwa walimu miaka miwili mitatu ijayo. Tutasimama mbele ya watoto sitini, tutawaambia waandike insha. Kama sisi wenyewe tunaamini kwetu hakuna hadithi, tutawarudisha Mikumi kila mwaka, na yule binti wa nyuma atamaliza shule bila mtu kujua habari za zile ndala.

Kwa hiyo nawapa kazi, na nyie wa uhandisi mmo: wikiendi hii mpigie simu mtu wa nyumbani, umuulize kuhusu kitu kimoja kilichoharibika ambacho hamjakitupa. Usimkatize. Kisha andika nusu ukurasa, usiongeze simba. Jumatano jioni nitakuwa vimbwetani kama kawaida, leteni tusomeane. Atakayekuja na karanga atasoma wa kwanza.

Haya, nakimbilia semina, nimeshachelewa. Siku njema wapendwa.