Tulivuka Bahari Kwenda Kula: Siku Sita Iringa na Mbeya



Wengi mmetuuliza kuhusu zile picha tulizovaa makoti juu ya mabuibui. Tuliahidi tutaandika, kisha kazi za harusi zikatuzidi. Leo tumefunga duka mapema.

Safari ilianza kwa bi harusi. Sisi ni mafundi wa nguo, cherehani nne na duka moja hapa Unguja, na mteja wetu mmoja alikuja kupimwa gauni huku analia. Kaposwa na kijana wa Kihehe, Muislamu mwenzetu, anafanya kazi Iringa mjini, mtu mwenye adabu zake, na wazee wa pande zote wameridhika. Kilichomliza si mume. "Nitakula nini huko miye?" Maisha yake yote alikuwa hajavuka zaidi ya Dar es Salaam, na watu walishamtisha: Iringa baridi, ugali mchana na usiku, nazi haionekani, na kila kona kitimoto. Tukacheka kwanza. Kisha tukaona ana haki. Kila mwaka tunashona magauni ya wasichana wanaoolewa mbali, tunawauliza urefu wa pindo na rangi ya viatu, na hatujawahi hata mara moja kuwauliza watakula nini wakifika.

Wiki ile ile likatufikia tangazo la safari ya vyakula: kikundi kisichozidi watu wanane, kiongozi wa kike, siku sita, masoko na kupika majumbani mwa wenyeji. Tukajiandikisha wanawake watano pamoja na kaka wa bi harusi. Suala la kusafiri na maharimu kila mmoja wetu alilimaliza nyumbani kwake na kwa sheikh wake, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Sisi mafundi wa nguo hatutoi fatwa.

Kabla ya kulipa tuliuliza swali moja tu, na hapo ndipo tulipokosea. Tuliandika, "Sisi Waislamu, chakula ni halali?" Wakajibu, "Ndiyo dada zetu, msijali, hakuna nguruwe." Tukaridhika, tukatuma pesa.

Tuliondoka baada ya kumaliza funga ya sita, mwezi wa Aprili, mvua zipo. Boti mpaka Dar es Salaam, tukalala, na alfajiri tukapanda Hiace. Mpaka Iringa ni kama kilomita 500, na njia yenyewe ni soko. Barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo twiga na swala mnawaona bila kushuka garini. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, magunia kwa magunia kando ya barabara. Halafu unakuja mlima wa Kitonga, kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa kunung'unika. Pale tulisoma kila dua tuliyoijua. Juu yake ni Ilula, nchi ya nyanya. Kiongozi wetu, binti wa Kinyakyusa, akatuonyesha matenga akisema, "Dada zangu, nyanya hizi." Tukamwambia kwetu hizi tungule, na viazi vyako ni mbatata. Alicheka mpaka tunaingia mjini.

Tulifika magharibi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sisi ni watu wa usawa wa bahari wenyewe. Maji ya kutilia udhu yalitukata vidole. Tukasali, tukashuka kula, na kwenye meza ya nyumba ya wageni pamewekwa kuku wa kukaanga na chipsi, vinanukia vizuri. Kaka wa bi harusi akamuuliza mpishi kwa upole, "Kaka, kuku kachinjwa na nani?" Mpishi akajibu kwa fahari kabisa, "Nimechinja mwenyewe." Shingoni alikuwa na msalaba.

Hapo meza ikagawanyika. Mmoja wetu akasema aya ya Suratul Maida ipo, chakula cha watu wa Kitabu kimehalalishwa. Mwengine akasema moyo wake hautaki. Hatukufika mbali, kwa sababu yule yule mpishi, mtu mkweli, alipoulizwa mafuta akasema karai ni moja, na mchana palikaangwa kitimoto. Kwa hiyo hata chipsi zikatushinda. Tulikula mkate na chai ya maziwa. Bi harusi hakula kitu. Alikaa amejikunyata ndani ya mtandio, na sote tulijua anachofikiri: hii ndiyo itakuwa kila siku.

Kiongozi wetu alitaka kulia. Kwake yeye halali maana yake ilikuwa hakuna nguruwe kwenye sahani, na sahanini kweli hakukuwa na nguruwe. Tulimkasirikia usiku ule, lazima tuseme ukweli, na katika kikundi cha watu sita ukinuna wote wanaona. Hakuna pa kujificha kama kwenye basi kubwa. Lakini kosa nusu lilikuwa letu. Mteja akitwambia "nishonee gauni la heshima" bila vipimo, atalaumu nani likimbana?

Asubuhi alikuja na daftari, akasema, "Dada, nitajieni yote." Tukamtajia: nani kachinja, mafuta gani, sufuria na karai vilipikia nini, mchuzi au keki imetiwa pombe? Akaandika kila neno. Kisha yeye na kaka wa bi harusi wakaenda sokoni, na kumbe kazi haikuwa kubwa hata kidogo. Iringa ina Waislamu wengi na misikiti mjini, na bucha la muuzaji Muislamu walilipata kabla ya saa tatu. Wakanunua na karai jipya. Bi harusi alipoona nyama ile alipata rangi usoni.

Siku hiyo tulipita Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003. Wahudumu wa mgahawani ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi. Sisi mafundi tulitumia muda mrefu kwenye vitambaa kuliko kwenye chai, na tulirudi na mawazo mawili ambayo hatuyasemi hapa.

Mchana tulikwenda kijijini kupika kwa bibi mmoja wa Kihehe. Salamu ni "Kamwene", na unajibiwa "Kamwene". Tulikuta moto tayari, akatupa mwiko. Jamani, kusonga ugali wa watu kumi si kazi ya mkono mmoja. Bi harusi alijaribu, ukamshinda, bibi akamshika mikono kwa nyuma wakasonga pamoja. Kitoweo kilikuwa majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa. Hapa ndipo tulipojifunza jambo la maana kwa anayeolewa huko: pale unapotafuta tui, wao wanatia karanga. Si ladha ile ile, lakini uzito ule ule upo, na utamu wake upo. Bi harusi alionja, akanyamaza, akaongeza.

Kisha ukaja ulanzi. Hii ni pombe ya mwanzi, na msimu wake ni wa mvua. Wanakata ncha ya mwanzi mchanga, wananing'iniza chombo chini yake, na maji yanadondoka usiku kucha. Yakiwa mabichi ni matamu, wanayaita mtogwa. Yakikaa yanachachuka haraka sana. Bibi alimletea bi harusi kikombe, maana alishaambiwa huyu ndiye mchumba wa kijana wa Kihehe. "Kunywa mjukuu wangu, ni wa asubuhi hii, haujawa mkali." Tukakaa kimya. Kumkataa bibi mwenye mvi, mbele ya wajukuu zake, kwenye nchi unayokwenda kuolewa, si jambo dogo.

Bi harusi alipokea kikombe kwa mikono miwili, kisha akakiweka chini taratibu. "Bibi, kwetu tunagema mnazi. Tembo lake asubuhi ni tamu kama sharbati, na mchana linamwangusha mtu. Sisi hatuligusi hata likiwa tamu, kwa sababu hatujui saa linapogeuka." Bibi akamtazama. Akasema, "Kumbe na nyinyi mna ulanzi wenu!" Akamwita mjukuu alete maziwa. Basi. Hatukuhitaji kusema dini zaidi ya hapo.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni siku nzima garini, misitu ya misonobari, Makambako, baridi. Mbeya mjini tulitembea soko la Mwanjelwa kwa ajili ya mchele. Mama mmoja muuzaji alitwambia kwa sauti ya chini kwamba kila mchele unaitwa wa Kyela ukifika mjini. Wa kweli ukiusugua viganjani unanukia kabla haujapikwa. Tulisugua mpaka wenye meza wakatuchoka. Kahawa, hatuna sifa za kutoa: Mbozi, ambayo tangu 2016 iko Mkoa wa Songwe, ni jirani tu na inalima kahawa nzuri, lakini hoteli tuliyofikia ilituletea ya kopo. Sisi tuliozoea kahawa chungu na kashata tuliona ni kituko.

Tukuyu ndipo kiongozi wetu kwao. Kwenye ratiba paliandikwa "chakula kwa familia ya wenyeji", kumbe familia ni mama yake mzazi. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa, migomba imezunguka nyumba mpaka mlangoni, na ng'ambo mashamba ya chai. Mama akatupokea barazani, tukampa shikamoo. Akasema, "Mwanangu alinipigia simu kutoka Iringa, analia. Nikamwambia walete." Ndani kulikuwa na sufuria mbili mpya, karatasi ya dukani bado imegandia chini ya moja. Kuku alichinjwa na jirani yake, mzee Muislamu, ambaye alikuwa amekaa pale pale anatusubiri ili atuhakikishie kwa kinywa chake. Tulikula ndizi zilizopikwa na kuku, maharage, parachichi laini kama siagi, na samaki mbasa aliyepandishwa kutoka Ziwa Nyasa. Kaka wa bi harusi alisema samaki wa maji baridi hana chumvi, akala watatu.

Tulipotaka kulipia sufuria, mama alikataa. Tukamwachia vitenge tulivyobeba, na mmoja wetu alimpima kwa futi pale pale. Gauni lake tumeshalituma kwa basi.

Mkienda, bebeni soksi, sweta, viungo vyenu na karai dogo, wala msione haya. Andikeni maswali yote manne kabla ya kutuma pesa, na majibu yawe ya maandishi. Ulizeni pia mtapumzika lini: ratiba yetu ilibana mno, na sala za safari tulizikusanya mara nyingi kuliko tulivyopenda.

Bi harusi alirudi na kilo kumi za mchele na namba ya simu ya yule bibi wa kijijini. Wiki iliyopita alikuja dukani kujaribu gauni. Hakulia. Alijitazama kiooni, akageuka, akaomba tufungue mikono tutie bitana nzito, kwa sababu sherehe ya upande wa mume ni Julai, Iringa.