Fundi wa Laini ya Tabora

Laini ya simu ya maandishi, yaani waya uliotundikwa juu ya nguzo ili kupitisha ishara za umeme kutoka kituo hadi kituo, ilifika Tabora kabla ya garimoshi, kwa kuwa utawala wa Wajerumani uliivuta kutoka pwani kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ukifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Na reli, iliyofika mjini 1912 na Kigoma 1914, nayo ikasindikizwa na nguzo pembeni mwa tuta lake. Katika nchi hiyo waya ulikuwa mali tangu enzi za wapagazi, kwani masango, yaani nyuzi nene za shaba, yalibebwa pamoja na shanga na vitambaa ili kulipia hongo, ambayo ni ushuru uliotozwa na watemi wa Ugogo.

Mwandishi wa tawasifu hii, anayetajwa hapa kama fundi, aliajiriwa reli ilipokuwa bado mali ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki, akaendelea na kazi hiyo chini ya Shirika la Reli Tanzania baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Sehemu aliyopangiwa ilianzia Goweko, ikapita Igalula na Tabora hadi Urambo, naye aliikagua kwa kiberenge, kigari kidogo kinachotembea juu ya reli.

Kiini cha kazi yake kilikuwa kihami, kifaa chenye umbo la kikombe kilichofudikizwa, ambacho hushika waya usigusane na nguzo. Nguzo nyingi zilikuwa za chuma, kwa sababu mti usiotiwa dawa huliwa na mchwa, na chuma hupitisha umeme. Tena laini ya simu ya maandishi ilitumia waya mmoja tu, ardhi yenyewe ikiwa njia ya kurudia, hata kila mvujo uliokwenda ardhini ulidhoofisha ishara. Kauri haipitishi umeme, lakini maji na vumbi vikiushika uso wake huufungulia umeme njia, na ndiyo maana kihami hufinyangwa kikiwa na mapindo mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani libaki kavu wakati wa mvua. Wamarekani walipendelea kioo, ambacho ufa wake huonekana kwa macho. Katika kauri ufa mwembamba hujificha chini ya rangi, ikabidi fundi akigonge kihami taratibu na kusikiliza kama kinalia au kimekufa sauti.

Laini ilipokatika, labda kwa radi, kwa tawi la mninga au kwa shingo ya twiga, fundi hakukimbilia porini, bali aliwaomba wakuu wa stesheni, mmoja baada ya mwingine, waunganishe waya na ardhi ili ajue umeme unafika wapi. Hata hivyo laini ilipaswa kurudishwa haraka, na sababu yake ni hii: reli ni ya njia moja, na treni haikuruhusiwa kuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, kwa hiyo uhai wa abiria ulitegemea vikombe hivyo vya kauri ambavyo watoto walivilenga kwa manati. Redio zilipochukua nafasi ya waya, fundi alijifunza kazi mpya bila kinyongo, ila anaamini kwa dhati kwamba Chuo cha Reli Tabora kinastahili kuhifadhi nguzo chache zenye vihami vyake, wanafunzi wapate kuvigonga kwa mikono yao.