Aliyetuma na Aliyetumwa

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu ni kuandika maneno ya watu. Lakini liko neno moja nililolisikia, nikakawia kulisema, nalo hunisumbua hata leo.

Kijana wa ukoo wetu huko Nyamira alifariki ghafula. Matangani, baba yangu mdogo aliwatazama vijana akasema, "Mnamjua anayetumaliza. Je, mafuta ya taa yamekwisha madukani?" Hakutaja jina. Lakini macho yote yaligeukia nyumba ya mjane mzee ambaye shamba lake la chai lapakana na la baba mdogo. Nami nilinyamaza kwa heshima ya ukoo.

Usiku ule nyumba iliteketea. Mama yule alisalimika kwa kuwa alikuwa amekwenda kwa binti yake. Vijana wawili walikamatwa. Baba mdogo alilala kitandani mwake.

Asubuhi mama wa kijana mmoja alinijia akilia. "Mwanangu, wewe umesoma. Sheria hukamata mkono tu, mdomo haiukamati?"

Nilifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 20 chamhesabu mwenye kushauri au kumtuma mwingine kuwa mkosaji sawa na mtendaji, naye aweza kushtakiwa kwa kosa lile lile. Tena, hata tendo lisipotimia, kujaribu kumtuma mtu kutenda jinai ni kosa. Na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 yakataza kumsingizia mtu uchawi mbele ya umati. Mwenye shaka na apeleke neno lake kwa chifu au polisi.

Ndugu wasomaji, mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa katika nchi yetu ya Kisii. Mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wazee 4 waliuawa vivyo hivyo huko Marani. Kiberiti hakijiwashi, hutanguliwa na neno.

Nilikwenda polisi nikaandikisha niliyoyasikia. Tangu siku hiyo baba mdogo haitikii salamu yangu, na wengine husema nimeuza damu yangu. Lakini wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Wale vijana wawili pia ni damu yangu. Laiti ningalisema jioni ile ile, kabla ya giza kuingia.