Mpeleke Simba matembezini: Siku moja na mbwa wako, Kitale hadi Bungoma

Pita katika mtaa wowote wa Kitale au Bungoma wenye nyumba za ua na lango, nawe hutakosa kukiona kile kibao mashuhuri: “Mbwa Kali”. Walimu wa Kiswahili wamekikemea kibao hicho hadi wakachoka, kwani mbwa huwa mkali, hawi kali. Hata hivyo, msomaji mpendwa, kosa hilo la sarufi ni dogo. Kubwa ni lile lililo nyuma ya lango: mnyama anayefungiwa kibandani tangu alfajiri, akafunguliwa watu wanapolala, na ambaye maishani mwake hajui dunia ina nini zaidi ya ukuta wa jirani.

Mbwa wa aina hiyo huwa mkali, naam, lakini ukali wake ni wa woga. Hajazoea sauti ya pikipiki, hajazoea mtoto anayekimbia, hajazoea mgeni. Siku lango linapoachwa wazi kwa bahati mbaya, hutoka mbio na kumuuma wa kwanza atakayekutana naye, na aghalabu huyo wa kwanza ni mtoto anayetoka shule.

Kwa hiyo leo tunakualika ujaribu jambo ambalo si wengi wetu wamelizoea. Badala ya kumwacha Simba, au Tiger, au Popi, akilinda nyumba tupu huku familia ikienda kutembea, mchukue naye atembee. Nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia ina mahali pengi pa kumpeleka na kurudi siku hiyo hiyo. Ina pia mahali ambapo hapaswi kukanyaga kabisa, na ni vyema ujue sababu.

KWANZA CHANJO

Kabla ya kufikiria safari, fikiria sindano. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, hakuna dawa ya kuuponya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wasiotimia miaka 15.

Nchini Kenya kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa pembeni mwa Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya miaka mia moja baadaye ugonjwa ungali nasi, na serikali ilitunga mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza. Shabaha yake ni rahisi kuieleza ingawa si rahisi kuitimiza: mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe, na ugonjwa utakosa njia ya kupita.

Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Cheti utakachopewa usikifungie kabatini. Kibebe safarini, kwani ikitokea mbwa wako amemparura mtu kijijini, karatasi hiyo itawatuliza wote wawili, aliyeparurwa na wewe. Pamoja na hayo, jeraha lolote la meno ya mbwa lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

ASUBUHI YA MASHAMBANI

Kwa anayeanza, safari ya kwanza isiwe ndefu. Kitale ina bahati ya kuzungukwa na mashamba ya mahindi na barabara za udongo zilizopakana na miti, nyingi zikiwa zimechorwa enzi za walowezi, kabla na baada ya reli kufika mjini mwaka 1926. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukingali majanini, utembee kilomita tatu au nne ukirudi kabla ya jua kupanda. Baridi ya nyanda hizi humfaa mbwa kuliko joto la mchana.

Mfunge mkanda shingoni na umshike kwa kamba imara wakati wote. Katika mashamba haya kuna kuku, mbuzi na ndama wa watu, na mbwa wa mjini ambaye hajawahi kumwona kondoo anaweza kumfukuza kwa mchezo tu. Mwenye kondoo haoni mchezo. Anaona hasara, na ana haki.

Ukiwa mjini, familia inaweza kulitembelea Makavazi la Kitale, ambalo chimbuko lake ni mkusanyiko ulioanzishwa na Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926, na ambalo lilifunguliwa kama makavazi ya taifa mwaka 1974. Humo mna wadudu, ndege, vyombo vya kale na nyoka walio hai, mambo yasiyopatana na mkia unaotikiswa ovyo. Mpokezane: baba aingie na watoto huku mama akibaki kivulini na mbwa, kisha wabadilishane zamu.

LANGO ASILOPITA

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukishika barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, utafika karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotengwa mwaka 1974 na ambayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kama kilomita tatu za mraba hivi. Hakuna kuendesha gari humo. Watu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao kumtazama nzohe, swala wa majini ambaye wengi humwita sitatunga. Kwato zake ndefu zilizotanuka humwezesha kupita juu ya matope bila kuzama, na akiogopa hujizamisha majini akaacha pua tu. Kuna pia kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza.

Mahali pa namna hiyo utadhani pameumbwa kwa ajili ya mtu na mbwa wake. La hasha! Hapa Saiwa, na kadhalika katika Hifadhi ya Mlima Elgon iliyoanzishwa mwaka 1968, yenye pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani, mbwa wa nyumbani haruhusiwi. Wala usimlaumu askari wa lango.

Sababu moja ni kubweka na harufu, ambavyo vingemfukuza nzohe hadi mwisho wa tete. Sababu kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti nchini Tanzania. Simba wapatao 1,000 waliangamia, yaani karibu theluthi moja ya wote, na maradhi yakavuka mpaka hadi Maasai Mara. Wataalamu walivitazama vijiji vilivyo jirani, ambako mbwa wengi walikuwa hawajachanjwa, na tangu hapo kampeni za kuchanja mbwa zimefanywa pembeni mwa hifadhi hiyo. Simba, mfalme wa nyika, aliuawa na maradhi ya mbwa wa kijijini.

Jihadhari vilevile na misitu ya serikali iliyo kando ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na kundi la vijana lenye mbwa likikutwa kichakani halitaulizwa kwanza kama limekwenda kupunga hewa.

CHETAMBE NA MTO NZOIA

Sasa tuteremke Webuye. Kutoka Kitale ni barabara ya kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Kutoka Bungoma ni karibu zaidi. Juu ya mji huu umekaa mlima wa Chetambe, na kwa familia yenye wanafunzi sioni mahali pengine panapounganisha miguu na historia kama hapa.

Mwaka 1895 Wabukusu walijihami hapa ndani ya ngome ya udongo iliyozungukwa na handaki, wakakabiliana na kikosi cha Waingereza kilichohusishwa na C. W. Hobley, kikiwa na bunduki na wasaidizi kutoka makabila mengine. Mikuki na ngao havikufua dafu mbele ya risasi, na wengi walikufa. Mpandishe mtoto wa shule mlima huu polepole, mwache ahesabu hatua, kisha mwambie atazame chini tambarare na ajiulize mwenyewe waliokuwa juu waliona nini kikija. Somo hilo halitamtoka.

Mbwa atapanda akihema, ulimi nje. Mpumzishe mara kwa mara na mpe maji kabla hajayadai. Kwenye mawe yenye jua mtangulie wewe, kwani bafe hupenda kulala hapo na hana desturi ya kukimbia.

Ukishuka, yafuate maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, ambayo zamani wakoloni waliyaita Broderick Falls na mji nao ukaitwa hivyo. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Lakini penye maporomoko maji huenda kwa kasi na ufuko hauonekani, hivyo kamba isitoke mkononi mwako, na watoto wasiachiwe kuishika. Pia ukumbuke kuwa barabara kuu ya Webuye, Bungoma hadi Malaba imejaa malori ya Uganda mchana na usiku. Mteremshe mbwa garini akiwa tayari amefungwa kamba, tena upande wa mbali na lami.

Kwa watu wa Bungoma wasiotaka kwenda mbali, vilima vya Sang'alo viko kusini mwa mji. Ni matembezi ya nusu siku, mawe makubwa na upepo mzuri. Omba ruhusa kwa wenyeji unapopita katikati ya mashamba yao. Salamu hufungua njia ambayo kamba haiwezi kufungua.

“ANAUMA?”

Popote uendapo na mbwa kati ya Kitale na Bungoma, utasikia swali hili kutoka kwa watoto waliosimama hatua ishirini kutoka kwako, mmoja tayari akiwa na jiwe mkononi. Usikasirike. Watoto hao wamefundishwa na mbwa wa nyuma ya malango. Mkalishe mbwa wako chini, fupisha kamba, waambie jina lake, na usimlazimishe yeyote kumgusa. Baada ya dakika tano jiwe litaanguka lenyewe. Hiyo ni kazi ndogo, lakini mtoto aliyejifunza kutokimbia na kutomchokoza mbwa ameongezewa ulinzi ambao haununuliwi dukani.

Kuna na majirani ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa. Wahenga walionya kuwa mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Mvute mbwa wako kando, uwapishe njia, na pasiwe na maneno. Kadhalika katika matatu: abiria hawakulipa nauli ili walale na mbwa miguuni. Tumia gari la familia au pikapu, na kama huna, chagua matembezi ya miguu kutoka nyumbani.

MKOBA WA SAFARI

Beba maji lita mbili na sufuria kuukuu, kamba ya akiba, kitambaa, sabuni na mifuko ya kuzolea kinyesi. Chakula kiwe kile alichozoea, lakini usimpikie ugali wa mahindi yaliyoota ukungu. Wengi hapa kwetu humwagia mbwa mahindi yaliyoharibika ghalani, bila kujua kuwa sumu ya ukungu huo, aflatoksini, humharibu ini na inaweza kumuua.

Usimfungie garini, hata katika baridi ya Kitale. Gari lililosimama juani likiwa limefungwa linaweza kuongeza nyuzi zaidi ya 15 za joto kwa nusu saa, na mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe. Na mkirudi nyumbani, mkague masikioni, kwapani na kati ya vidole, umtoe kupe kabla hajaingia ndani.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, mvua zikiwa zimepungua. Miezi mingine tembea asubuhi, maana mvua ya huku hupenda kuja alasiri.

Faida ya safari utaiona jioni hiyo hiyo. Mbwa aliyetembea, akanusa, akakutana na watu na kurudi kwao hulala usingizi mzito mapema, kisha huamka usiku akiwa mlinzi mwenye akili, anayejua kutofautisha mwizi na mpita njia. Kibao cha langoni unaweza kukiacha palepale. Ila ukipata rangi kidogo, ongeza ile herufi iliyokosekana.