Yeye ana meli, mimi nina namba

Niko Makambako. Kwa wasiopajua, hapa ndipo barabara ya Iringa na Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Baridi na upepo kama kawaida. Leo nina habari ya karatasi za zamani.

Dada mmoja wa Perth, Australia, aliniandikia barua pepe akiomba msaada. Alikuwa akifuatilia maisha ya bibi yake, Mpolandi aliyekulia Kidugala. Ndiyo, Kidugala hii hii yetu ya Wanging'ombe, ya Walutheri!

Wengi tumesoma mpaka chuo kikuu bila kuambiwa kwamba Njombe iliwahi kupokea wakimbizi wa Kizungu. Ilikuwa hivi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha Wapolandi kwa nguvu, familia kwa familia, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi waliruhusiwa kutoka kupitia Uajemi, na maelfu, wengi wao wanawake na watoto, wakapandishwa meli kuja Afrika Mashariki. Hapa Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kondoa, Morogoro na Kidugala.

Nilikwenda Kidugala nikampigia picha makaburi ya Wapolandi. Yeye akanionyesha alichokwishapata: jina la bibi yake, umri na alikotoka, kwenye orodha ya abiria wa meli General Langfitt. Meli hiyo iliondoka Mombasa ikafika Fremantle Februari 1950, ikiwa na Wapolandi zaidi ya 1,100. Kambi zilikuwa zinafungwa, na kwao hakurudiki.

Nikamuuliza aliwezaje. Akasema kazi ni kujua mambo matatu: mwaka, bandari na meli. Zamani nahodha alikabidhi orodha ya abiria bandarini, na serikali ikaitunza. Za Australia zipo Nyaraka za Taifa za nchi hiyo. Za walioingia Uingereza kwa meli, 1878 hadi 1960, zipo Kew, London. Kumbukumbu za wakimbizi wa vita ile zipo Arolsen, Ujerumani, na nyingi unazisoma kwenye intaneti bila kulipa. Shida ni tahajia. Kwa Wapolandi baba akiwa Kowalski, binti ni Kowalska, na karani wa bandarini aliandika alivyosikia. Kwa hiyo unatafuta jina moja kwa sura tano.

Halafu akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Na wewe, wa kwenu umewapata?"

Jamani! Sikuwa na jibu.

Kaka yake babu alikwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi. Hakuvuka bahari, alikuwa ndani ya nchi hii hii. Enzi hizo Njombe ilikuwa shamba la kuvuna vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, na vijana wa Kibena wakapelekwa kwa mamia. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Neno tunalolitumia kwa utani lilitoka huko.

Bibi alitunza sandukuni kipande cha shemeji yake, kilicholetwa na mwenzake aliyerudi pamoja na blanketi. Kina jina moja tu, la ubatizo, na namba 417. Jina la shamba limeliwa na mende. Vyumba vya kujaza siku za kazi ni 30. Vilivyojazwa ni 17.

Siku ya 18 alikuwa wapi?

Naona tofauti iko hapa. Yule binti wa Kipolandi hakuwa na nchi, lakini kila alipovushwa mtu aliandika jina lake. Wetu alikuwa na nchi, na kijiji, na mama aliyemsubiri. Aliyempeleka alihitaji tu kujua amekata mita ngapi, na kwa hesabu hiyo namba ilitosha.

Nimepanga kwenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kufungua mafaili ya wilaya na ya kazi. Lakini orodha nyingine haipo kwenye faili lolote, iko kwa wazee. Nimeanza kuzunguka na daftari: kamwene babu, uliondoka na nani, mlipakiwa wapi, nani hakurudi? Mpaka sasa nina majina 23. Mzee mmoja alinitajia saba mfululizo na ukoo wa kila mmoja, kisha akaomba nimsomee, ahakikishe sijamruka mtu.

Wadau wa Korogwe, Muheza na Pangani, najua huko wapo Wabena waliobaki, na wajukuu wao wasiojua kwao. Waulizeni wazee wenu leo, msingoje msiba. Na kama kuna anayemkumbuka kijana wa Njombe, namba 417, naomba aniambie. Bibi ana miaka 91, na bado anauliza.