Kinu, mkanda na injini: kwa nini nimechagua mradi wa makabati ya intaneti

Najua nimepotea kidogo... si unajua tena mwaka wa nne, majaribio yanafuatana kama mabasi ya Mbeya. Leo nimepata upenyo, nikasema ngoja nimalize hili suala mara moja, maana kila nikikatiza kantini nakutana na swali lile lile: "Oya, hivi mradi wako wa mwisho unahusu nini hasa?" Wenzangu wanatengeneza programu za simu za kuuza mazao na za kuita bodaboda. Mimi nimechagua makabati ya intaneti. Watu wanacheka. Chekeni tu, ila someni kwanza.

Wanaonijua wanajua natokea Kisanga, wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi. Nyumbani hatuna faiba, tunaishi kwa mnara. Mnara ukiwa na raha zake mtandao unashika, ukinuna unapanda kichuguu unanyoosha mkono kama unaomba mvua. Mwaka jana mdogo wangu alipanda pikipiki mpaka Mikumi mjini ili akajaze fomu ya mkopo wa bodi, kwa sababu siku za mwisho mwisho ukurasa ulikuwa haufunguki kabisa. Nauli ya kwenda na kurudi, hela ya stationari, siku nzima imekwenda. Sasa jiulize, mtoto ambaye hana hiyo nauli anafanyaje? Hapo ndipo mradi wangu ulipoanzia.

Twende taratibu. Intaneti ya faiba ikifika mtaani inatoka kwenye kituo cha kampuni. Ndani ya kituo kuna mashine inaitwa OLT. Tundu moja la OLT linatoa uzi mmoja wa kioo, huo uzi unakwenda mpaka kwenye kigawanyio, halafu unagawanyika kwenda nyumba 32 au 64. Kwenye aina iliyozoeleka, GPON, tundu moja linashusha kama gigabiti 2.5 kwa sekunde na linaweza kufika kilomita 20 hivi. Piga hesabu: nyumba 32 zote zikivuta kwa pamoja kila moja inapata kama megabiti 78. Zikiwa 64 ni kama 39. Kwa shule yetu hiyo ni sherehe.

Nyuma ya OLT kuna mashine nyingine, BNG. Hii ndiyo mlinzi wa getini. Ukiwasha ruta yako inauliza: wewe nani, umelipia, unastahili kasi gani, chukua anwani yako, pita.

Tatizo la miaka mingi ni kwamba mashine hizi zinauzwa kama kabati zima. Chuma, programu, kadi za kuongeza matundu, hata ufundi wa kuzisimamia, vyote kutoka kiwanda kimoja. Ukishanunua umeolewa. Unataka kuongeza matundu? Rudi kwa yule yule. Unataka huduma mpya? Subiri yule yule atoe toleo jipya, kwa bei yake. Na kabati lenyewe limepigiwa hesabu ya mji wenye maelfu ya wateja. Sasa nani atalileta Kisanga akauzie watu mia mbili? Haliji. Na kwa hesabu zake kampuni haijakosea, ndiyo maana kulalamika peke yake hakusaidii.

Kinachotokea duniani miaka hii ni kulivunja hilo kabati. Chuma kinanunuliwa kivyake, boksi la kawaida lisilo na mbwembwe, dogo kama boksi la piza. Programu inanunuliwa kwingine, au inachukuliwa ya bure. Na ile akili ya kuamua nani apite inatolewa kwenye chuma kabisa, inakwenda kukaa kwenye seva za kawaida mjini. Kule pembeni inabaki misuli ya kusukuma data tu. Boksi la matundu 8, kila tundu nyumba 32, ni wateja 256. Hapo sasa tunaongea lugha ya kijiji.

Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu nilihangaika sana mpaka nikakumbuka mashine yake ya kusaga. Wa kijijini mtanielewa: kinu ni kitu kimoja, injini ya dizeli ni kitu kingine, katikati kuna mkanda. Umeme ulipofika mjomba hakununua mashine mpya. Alitoa injini, akaweka mota, akafunga mkanda, unga ukaendelea kutoka. Kinu hakikujua hata kama kuna mabadiliko.

"Mjomba," nikamwambia, "hicho ndicho wanachofanya kwenye intaneti. Wanatenganisha kinu na injini."

Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza: "Sawa mjomba. Na mkanda ni wa nani?"

Wadau, hilo swali lilininyima usingizi. Maana mjomba anajua shida ya mkanda. Siku mashine ikigoma, fundi wa mota anasema tatizo ni kinu, fundi wa kinu anasema tatizo ni mota, na wamama wamekaa na ndoo zao za mahindi. Ukinunua kabati zima walau unajua nani wa kumpigia kelele. Ukivunja kabati, kazi ya kuunganisha inakuwa yako. Lazima uwe na watu wako wanaojua.

Na haya si maneno ya vitabuni tu. Deutsche Telekom ya Ujerumani, yenye mafundi kibao na mfuko mnene, ilianza kuunganisha wateja wa kwanza kwa mtindo huu pale Stuttgart mwishoni mwa 2020, baada ya miaka ya kujaribu. Upande wa minara, Rakuten ya Japani iliamua kujenga mtandao mzima wa simu juu ya seva za kawaida. Ilitakiwa ifungue Oktoba 2019, ujenzi ukachelewa, ikafungua rasmi Aprili 2020. Na huku kwetu? Oktoba 2019 Vodafone ilitangaza majaribio ya Open RAN, yaani minara ambayo redio na programu si lazima zitoke kiwanda kimoja, na Kongo ya Kinshasa ilikuwa kwenye orodha pamoja na Msumbiji. Kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Jirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika wametajwa humo.

Sasa wasiwasi wangu wa pili, ambao ndio moyo wa mradi. Ukihamisha akili mjini, njia ya kwenda mjini ikikatika inakuwaje?

Tumeshaonja jinsi inavyokuwa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia sana. Hata vitu vilivyokuwa hapa hapa nchini vingine vilisuasua, kwa sababu mara nyingi unaongea na jirani kupitia seva iliyoko Ulaya. Ukiweka akili ya mtandao wako ng'ambo, siku mkongo ukikatika baharini Kisanga nayo inapoteza fahamu, wakati waya wa kutoka mjini mpaka kijijini ni mzima! Kwangu mimi hilo limeshaamuliwa: akili ikae ndani ya nchi. Tuna Mkongo wa Taifa ambao ujenzi wake ulianza 2009, tuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama. Sehemu ya kuiweka ipo.

Pia kuna somo la Loon. Julai 2020 maputo ya intaneti yalianza kazi rasmi Kenya kwa kushirikiana na Telkom Kenya, maputo kama 35, eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Mambo ya ajabu kweli kweli. Januari 2021 kampuni mama ya kule Marekani ikatangaza inafunga biashara, basi. Teknolojia ilifanya kazi, ila uamuzi wa kuendelea au kuacha haukuwa Kenya. Rudi kwenye swali la mjomba: mkanda ni wa nani?

Ila hata akili ikikaa Kijitonyama bado kuna kitanzi kidogo ambacho kimenishika mimi binafsi. Ukitenganisha BNG, akili mjini na misuli kijijini, halafu njia ikakatika, mara nyingi unaweza kuupanga mtandao ili aliyekwisha kuunganishwa asitolewe. Anayekwama ni anayewasha ruta wakati huo, maana mlinzi wa kumuuliza "wewe nani" hayupo. Kwa Stuttgart hilo ni dogo, watu wachache tu watawasha ruta ndani ya hiyo nusu saa. Lakini kijijini kwetu umeme ukikatika na kurudi, ruta ZOTE zinajiwasha upya kwa mpigo. Wote wanakuwa wageni. Na umeme na njia ya mawasiliano vinapenda kukatika siku moja, mvua ile ile, upepo ule ule. Kwa hiyo ule mpango unaosifiwa kwamba "wateja waliomo hawataguswa" kwetu unaweza usimguse mtu kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemo.

Kama siku hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kujaza fomu ya mkopo... mnaelewa ninachosema.

Ndiyo maana mradi wangu ni huu: kijiji kibaki na daftari lake dogo. Boksi la kijijini liwe na nakala ya wateja waliolipia, yenye muda wa kuisha, ili njia ya mjini ikipotea liweze kuwaruhusu walau kwa kasi ndogo na kuwapa kilichopo karibu: masomo yaliyohifadhiwa shuleni, matangazo ya zahanati, ujumbe wa ndani ya kata. Njia ikirudi, daftari la kijijini na la mjini vinalinganishwa. Kwenye meza ya maabara nina kompyuta mbili za zamani zenye Linux, moja naiita Kijitonyama na nyingine Kisanga, programu za bure za accel-ppp na FreeRADIUS, na waya ninaouchomoa makusudi. Upande wa OLT natumia VOLTHA, ambayo nayo ni ya bure na ina kiigizo chake, kwa hiyo sihitaji kununua OLT halisi ambayo bumu langu halitaifikia mpaka kiama. Nachomoa waya, nazima na kuwasha ruta zote, nahesabu wangapi wamerudi na baada ya sekunde ngapi. Basi, mradi ndio huo.

Kuna swali gumu profesa alinitupia: mteja aliyefungiwa mjini asubuhi, daftari la kijijini likiwa halijapata habari, si atapita bure? Ndiyo, atapita kwa muda. Mimi nasema heri watu watatu wapite bure saa mbili kuliko kata nzima kukaa nje. Mwenye kampuni anaweza kusema vingine, na ndiyo maana muda wa daftari nimeuacha uwe wa kupangwa, usiwe umefungwa ndani ya programu. Huyo ndiye mkanda wangu: uwe wazi, kila fundi aweze kuufunga.

Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mnara ukishasimama, umeme upo, ulinzi upo, njia ya kwenda mjini ipo. Boksi dogo la faiba likikaa chini yake, shule na zahanati za karibu zinaweza kuvutiwa uzi. Vipande vingi vya kufanya hivyo vipo tayari. Tunachohitaji ni watu wa kuviunganisha, na wengine kati yao inabidi watoke kwenye hizi hosteli zetu badala ya kusubiri mtaalamu apande ndege kuja kukaza mkanda.

Haya wadau, nimesema sana. Mwenye kompyuta mbovu inayowaka anikumbuke, naihitaji iwe ruta ya tatu. Na mwenye hoja ya kunipinga kuhusu lile daftari aje nayo, ila aje na hesabu. Jumatatu nina jaribio, ngoja nikadese.

Tuko pamoja.