Vyungu vya Kijani vya Oaxaca

Santa María Atzompa ni mji wa wafinyanzi, kilomita chache tu kutoka jiji la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Vyungu vyake vina kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa, na vinateleza mkononi. Mtu aliyelelewa na vyungu vyetu vya kahawia, vyenye masizi tako zima, hukizungusha chungu cha Atzompa mara mbili tatu akijiuliza kama kweli hiki hubandikwa jikoni. Hubandikwa, tena kwa maharagwe ya kila siku. Wanunuzi hukigonga kwa kidole na kutega sikio, sawasawa na mama zetu sokoni, kujua kama kina ufa.

Ila mlio huo haufichui madini ya risasi yaliyomo. Mng'ao ule hutokana na unga wa oksidi ya risasi, wenyewe huuita greta, unaokorogwa na maji na kupakwa juu ya chungu kilichokwisha kuchomwa mara moja. Kijani huletwa na shaba. Unga huo huanza kuyeyuka chini kidogo ya nyuzi 900, joto ambalo tanuri ya kuni hulifikia, na ndiyo maana wafinyanzi wameung'ang'ania tangu Wahispania walipouleta katika karne ya 16. Chungu kisipoiva sawasawa, risasi haishiki vizuri kwenye utando wa kioo. Pika nyanya humo, kamulia ndimu, laza mchuzi mpaka asubuhi: asidi huitoa kidogo kidogo, bila harufu wala ladha ya kumshtua mlaji. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Wapo mafundi wa Meksiko waliohamia kwenye utando usio na risasi. Taabu ni kwamba, ukitazama kwa macho tu, huwezi kuvitofautisha vyungu vyao na vile vya zamani.

Huko huko Oaxaca, kijijini San Marcos Tlapazola, wanawake wa Kizapoteki hufinyanga kwa mkono, husugua chombo kwa jiwe mpaka kiwe laini, kisha hukichoma uwanjani. Hawapaki greta. Komali, kile kikaango bapa cha kuchomea tortila, hupakwa maji ya chokaa tu ili chapati hizo zisigande. Nilipowatazama niliwakumbuka wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, Ziwa Nyasa: mikono ileile, moto uleule wa wazi. Udongo wa namna hiyo, ukichimbwa mbali na jaa la betri au karakana, hauna sababu kubwa ya kuogopwa.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikikitetea chungu chetu, lakini si jiko letu zima. Tumekiacha chungu kwa kuona ni cha kizamani, tukanunua sufuria nzito zinazosubiwa uani kwa vyuma chakavu, vipande vya injini vikiwemo. Watafiti waliopima sufuria za aina hiyo kutoka Cameroon walikuta zinatoa risasi kwenye chakula. Ukiwa na sufuria ya kusubu nyumbani, usipikie humo nyanya, ukwaju wala ndimu, na usilaze mboga ndani yake. Hivyo vipikie kwenye chungu kisichong'aa.